Ninunue shaba yenyewe au hisa za mgodi?

SWALI: Mimi ni fundi wa mota za umeme. Kazi yangu ni kutoa waya ulioungua na kufunga mwingine, kwa hiyo shaba naishika kila siku. Miaka hii kila roli ya waya ninayonunua inaizidi bei ile ya kabla yake. Nina akiba kidogo. Rafiki mmoja ananishauri ninunue hisa za kampuni za migodi ya shaba, eti bei ya shaba ikipanda na hisa lazima zipande. Mwingine anasema niweke tu waya chakavu stoo nisubiri. Nimsikilize nani? – Fundi mota

JIBU: Ndugu fundi, nilikaa miaka tisa kwenye uhasibu wa mgodi wa shaba, na hisa za shaba nimezinunua kwa fedha yangu mwenyewe, nikapata na nikakosa. Nitakujibu kama ambavyo ningependa kujibiwa mimi siku ile ya kwanza.

La stoo tulimalize haraka. Waya chakavu uuze. Shaba inayouzwa kwenye soko la metali la London ni vibamba vyenye usafi wa asilimia 99.99, kwa mafungu ya tani 25. Waya wako una vanishi iliyoungua na mabaki ya lehemu, na mnunuzi atakukata kwa hayo yote. Tena unakaa pale hauzai chochote, ukisubiri mwizi.

Huyu rafiki wa hisa ndiye aliyenifanya nikuandikie kwa urefu, kwa sababu ya hilo neno lake "lazima". Septemba 2025 tope lilifurika ndani ya mgodi wa Grasberg, Indonesia, unaoendeshwa na kampuni ya Freeport-McMoRan. Wafanyakazi 7 walipoteza maisha. Siku kampuni ilipotangaza kwamba haitaweza kutimiza ahadi zake za kuuza shaba, bei ya shaba duniani ilipanda, maana walimwengu walijua shaba sokoni itapungua. Siku hiyohiyo hisa za Freeport zilishuka kwa zaidi ya asilimia 15. Aliyekuwa na shaba alipata, aliyekuwa na hisa za mchimbaji akaumia, na sababu ni moja.

Panama nako, Novemba 2023, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba mkataba wa mgodi wa Cobre Panamá ulikiuka katiba, na mgodi ukafungwa. Ulikuwa ukitoa zaidi ya asilimia 1 ya shaba yote ya dunia. Kampuni ya First Quantum, yenye mgodi huo, ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani ya hisa zake katika majuma machache. Shaba yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo ukinunua hisa hujanunua shaba. Umenunua shimo, watu waliomo ndani yake, mkataba na serikali, na deni la benki.

Sasa chukua kalamu. Tuseme kampuni inatumia dola 6,000 kutoa tani moja, na bei ni dola 9,000. Faida ni 3,000. Bei ikishuka hadi 7,500, yaani moja ya sita tu, faida imebaki 1,500: nusu imekwenda. Bei ikipanda kwa kiasi hichohicho, faida inaongezeka kwa nusu. Ndiyo maana hisa za shaba huruka juu kuliko shaba na kuanguka chini kuliko shaba. Na bei yenyewe haina huruma. Mwaka 2008 ilikuwa karibu dola 9,000 mwezi Julai, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya 3,000. Februari 2011 ilipita 10,000, kisha rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka Mei 2021. Miaka kumi! Wewe una akiba ya kusubiri miaka kumi?

Mimi kosa langu halikuwa hata kwenye bei. Nilinunua hisa za kampuni ndogo ya utafutaji wa madini, na shaba waliipata kweli. Lakini uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kupima kilichomo, unakula fedha, nao kila walipoishiwa walitoa hisa mpya. Baada ya miaka minne idadi ya hisa ilikuwa mara tano ya ile niliyoikuta, yaani fungu langu katika kampuni lilikuwa limebaki moja ya tano. Bei ya shaba ilikuwa juu kuliko nilipoingia, nami nikatoka na theluthi ya fedha yangu. Idadi ile ilikuwa imeandikwa kwenye kila ripoti. Sikuwahi kuiangalia, nilikuwa nasoma kurasa za mwamba tu.

Mwamba nao usome, lakini kwa macho ya fundi. Migodi mingi mikubwa ya wazi ina mawe yenye shaba chini ya asilimia 1. Tani ya mwamba wa asilimia 0.6 ina kilo 6, na si zote zinatoka. Tani nzima ipasuliwe kwa baruti, ibebwe, isagwe iwe unga, ili upatikane waya wa kufunga mota moja ya wastani. Dizeli na umeme vikipanda, gharama hiyo inapanda nayo. Basi kwenye ripoti ya robo mwaka tafuta gharama ya kutoa ratili moja ya shaba, na uangalie kama wameshaondoa mapato ya dhahabu yanayotoka kwenye mwamba uleule, maana hapo ndipo namba hupendezeshwa. Kisha hesabu migodi. Kampuni yenye mgodi mmoja mimi siigusi tena, hata iwe nzuri vipi.

Kwako wewe, ningeanza na waya mpya wa kazi ambazo wateja wameshakulipia malipo ya awali. Ununue wote sasa, usingoje. Hiyo ni shaba utakayoiuza kwa uhakika. Kinachobaki, fedha ambayo hutaihitaji kwa ada wala ugonjwa, weka sehemu ndogo kwenye hisa za kampuni kubwa yenye migodi katika nchi zaidi ya moja, na ununue kwa mafungu matatu au manne katika mwaka, si kwa mkupuo. Ukikwama kwenye ukurasa wa gharama, niandikie jina la kampuni, tuusome pamoja.