Mguu wa mama ukatwe au usikatwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, ana kisukari, na husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mapaja yake na shavu la mguu wa kushoto vilitoka madoa ya zambarau kama wavu, sasa yamekuwa magamba meusi. Hata shuka ikimgusa analia. Daktari mmoja anataka mshipa uzibuliwe, mwingine mguu ukatwe juu ya goti. Kaka zangu wamegoma kutia sahihi. Tufanyeje? — Binti, Tanga

JIBU: Marahaba, binti yangu. Muulizeni kwanza daktari wa mishipa: kilichoziba ni mshipa mkubwa au vijishipa vya ngozi? Maumivu makali hivyo, tena mapajani, yananifanya nishuku kalsifilaksisi. Katika ugonjwa huu kalsiamu hujijenga kwenye kuta za vijishipa vya chini ya ngozi, damu huganda humo, ngozi hufa. Mapigo ya unyayoni yanaweza kuwepo vizuri tu, na hapo kuzibua mshipa mkubwa hakusaidii kitu. Ila mwenye kisukari anaweza kuwa na yote mawili. Waombeni wapime presha ya kidole gumba cha mguu. Ya kifundoni hudanganya, kwani mshipa uliokakamaa hutoa namba nzuri.

Kukata nako hakuondoi ugonjwa. Paja tayari lina madoa, kwa hiyo kidonda cha kisiki kinaweza kukataa kupona. Magamba yakiwa makavu, mnao muda. Lakini homa ikipanda, nyama ikilowa na kunuka, acheni ubishi mtie sahihi siku hiyohiyo: wengi hapa huuawa na vijidudu kuingia kwenye damu.

Daktari wa figo naye apitie dawa. Anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda? Vitamini D? Vidonge vya kalsiamu pamoja na chakula? Vyote huchochea, ila msivikatize wenyewe. Ipo dawa iitwayo sodiamu thayosulfeti, hutiwa mshipani wakati wa kusafisha damu. Ushahidi wake si imara, lakini mimi ningeijaribu. Kwa maumivu, parasetamo ni mzaha. Mofini nayo hurundikana figo zikishindwa, ulizieni fentanili.

Sitakuficha: takribani nusu ya wagonjwa hawa, au zaidi, hufariki ndani ya mwaka. Ndiyo maana nashangaa barua yako imetaja madaktari wawili na kaka zako, ila haikusema mama mwenyewe anataka nini. Akili yake ikiwa timamu, sahihi ni yake.