Tumbo Langu Lilibaki Sake

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021 ilitangazwa kwamba mitaa kumi ya Goma ihame. Siku tano kabla, Jumamosi jioni, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulikuwa umetema moto, lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Tangu usiku ule ardhi haikutulia: ilitikisika tukila, ikatikisika tukilala. Mabanga yetu ilikuwa kati ya mitaa ile kumi. Tulifunga magodoro, tukabeba watoto, tukashika barabara ya Sake kwa miguu, kilomita kama 25. Sake tulilala ndani ya darasa, watu wengi, maji kidogo. Siku ya tatu nikaanza kuhara. Nilipewa dawa, nikapona, na mwezi wa sita tukarudi nyumbani. Kuhara kuliisha, lakini tumbo nililokwenda nalo Sake sikurudi nalo.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye asubuhi hii ameshakwenda choo mara tatu kabla ya kutoka nyumbani na bado anaogopa kupanda moto, yaani pikipiki ya abiria. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwa miaka miwili maisha yangu yalikuwa hivi: maumivu chini ya kitovu, gesi, kukimbia choo Jumatatu, halafu siku tatu bila choo kabisa, kisha kukimbia tena. Siku za mtihani zilikuwa mbaya zaidi, na mwisho wa mwezi, wakati ada hazijaingia na hatujui kama tutalipwa. Anayeishi Goma anajua pia habari ya vyoo vyetu. Mji umekaa juu ya mawe ya lava, kuchimba shimo refu ni kazi ya pesa nyingi, kwa hiyo familia nne au tano zinagawana choo kimoja. Ukisubiri mlangoni tumbo likikusukuma, na ndani kuna mtu, hofu inapanda, na ikipanda hofu tumbo nalo linazidi kusukuma.

Kwetu tumbo likiuma, jina lake ni amiba. Mama mkwe alisema amiba, jirani akasema amiba, wa farmasi hakuuliza hata swali moja. Nilimeza metronidazoli, dawa ya amiba, kila baada ya miezi michache, wala sikupimwa choo hata mara moja. Sisemi kwamba amiba si kitu. Ipo, minyoo ipo, na kipindupindu kimetuzika watu. Kwa sababu hiyo hiyo lazima upimwe. Dawa inayomezwa kwa kubahatisha haikuponyi, na inakuchelewesha kujua unachougua.

Aliyenifungua macho ni muganga mmoja mzee, yaani daktari, kwenye kituo cha afya. Alipima choo, akapima damu, akafanya ekografi, picha ya ndani ya tumbo. Vyote vikatoka safi. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: “Mama mwalimu, hii tumbo inaumaka siku gani?” Nikamtajia siku. “Na wakati wa likizo?” Nikajibu, “Likizo inaniachaka.” Akaweka kalamu chini. Akaniambia ugonjwa wangu una jina, kolopati: utumbo unaoshtuka upesi. Kidonda hakuna, mdudu hakuna, ila namna utumbo unavyofanya kazi imevurugika.

Nieleze kidogo alivyonieleza, kwa sababu kuelewa peke yake kulinipunguzia nusu ya hofu. Utumbo una neva zake wenyewe, chembe zaidi ya milioni 100, na usiku na mchana zinapelekeana habari na ubongo. Serotonini, kemikali inayobeba habari za neva, ambayo watu hudhani ni ya kichwani, sehemu kubwa sana inatengenezwa tumboni. Ukiogopa, habari inashuka, na utumbo mpana unakimbia au unakakamaa. Habari nyingine zinapanda kutoka tumboni, na kwa mtu kama mimi zinafika zimekuzwa: gesi ambayo mwenzangu haisikii, mimi inanikunja. Tena mtu kama mmoja kati ya kumi waliopata maambukizi ya tumbo hubaki na hali hii baadaye, na aliyekuwa na wasiwasi mwingi wakati wa kuugua yuko hatarini zaidi. Aliposema hivyo niliona lile darasa la Sake, na ardhi ikitikisika chini ya godoro.

Kwa hiyo mtu akikuambia “ni mawazo tu”, usikubali. Maumivu ni ya kweli. Wasiwasi ni njia mojawapo yanayopitia, na njia hiyo inaweza kufanyiwa kazi.

Lakini usijipe jina hili mwenyewe. Waganga hulitaja maumivu yakiwa yanarudi angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yakiwa yalianza si chini ya miezi sita nyuma, na yakiendana na kwenda choo au kubadilika kwa choo. Na kuna dalili ambazo ukiziona unakwenda hospitali bila kungoja: damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa, kupungukiwa damu, kuhara kunakokuamsha usingizini, au tumbo kubadilika kwa mara ya kwanza ukiwa umepita miaka 50. Kuhara maji meupe kama ya kuosha mchele ni kipindupindu. Hapo dakika zinahesabika.

Sasa kosa langu kubwa, ambalo naliona kwa walimu wengi na mama wa sokoni. Ili nisisumbuliwe darasani, nilikuwa sili kitu mpaka jioni. Nilifikiri tumbo tupu ni tumbo tulivu. Jioni nikifika nina njaa ya siku nzima, nakula sahani iliyojaa fufu, maharagi na sombe (majani ya muhogo), na usiku wote nalia. Muganga alinirekebisha: chakula kinapoingia, utumbo mpana unaamka, ndivyo ulivyoumbwa. Ukiupa kidogo kidogo kwa saa zilezile, unazoea. Ukiushtukiza na mlima, unapiga kelele. Nikaanza kuamka saa kumi na moja, nakula viazi viwili au uji, halafu nangoja nusu saa bila haraka, choo kikiwa bado hakina foleni. Wiki za kwanza niliogopa sana. Mwezi wa pili, mara nyingi nilitoka nyumbani nimeshamaliza.

Maharagi sikuyaacha, maana ukiacha maharagi Goma utakula nini? Nayaloweka usiku kucha, namwaga maji yale, napika kwa maji mapya, na nakula vijiko vichache kando ya wali. Kitunguu nacho kilikuwa adui bila mimi kujua. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ndio waliochunguza sana sukari zinazochacha tumboni, na kitunguu na kitunguu saumu vimo. Sukari zile huyeyuka ndani ya maji, si ndani ya mafuta. Basi nakaanga vipande vikubwa kwenye mafuta yasiyo na maji, navitoa vyote, ndipo naweka sambaza, samaki wadogo wa ziwani, au nyanya. Ladha inabaki. Maziwa mabichi ya Masisi yananivimbisha. Fromaji yake ngumu (jibini) hainifanyi kitu. Shu (kabichi) nimepunguza. Wali, viazi, karoti, yai, samaki, fufu ya mahindi, hivyo vyote nakula kwa amani. Ila usijikataze kila kitu mwaka mzima. Ondoa vichache kwa wiki nne au sita, kisha rudisha kimoja kimoja ujue ni kipi hasa. Katika mji ambao chakula chenyewe ni cha kutafuta, kujikataza bila mpango kunaleta ugonjwa wa pili.

Chakula kilinipa nusu ya njia. Nusu iliyobaki ilikuwa hofu yenyewe, na hapo nilichelewa kwa aibu. Nilijua kila choo kati ya Mabanga na shule. Niliacha kwenda ibadani, kwenye arusi, hata kwenye kilio cha mjomba wangu. Kila nilipokwepa mahali, siku ile nilipumua vizuri, na kesho yake dunia ikawa ndogo zaidi. Mshauri wa kisaikolojia niliyeonana naye mara sita aliniambia nianze na jambo moja: kumwambia mtu. Nikamwendea mkuu wa shule, mikono ikitetemeka, nikamwambia nina ugonjwa wa utumbo, kuna siku nitatoka darasani ghafla. Akajibu, “Utoke tu, mama. Utamwachia darasa kiongozi wa wanafunzi.” Tangu nilipopata ruhusa ile, nimetoka mara mbili tu kwa mwaka mzima.

Alinifundisha pia kupumua kwa tumbo: mkono juu ya kitovu, navuta hewa nikihesabu nne, naitoa polepole nikihesabu sita, dakika kumi kila alfajiri, niwe naumwa au siumwi. Usingoje maumivu ndipo uanze. Mwili unajifunza wakati wa utulivu.

Na dawa? Kwa miezi sita nilitumia amitriptilini kidogo sana, miligramu 10 usiku, kwa amri ya muganga. Ndugu zangu walisikitika wakidhani nimepewa dawa ya wazimu. Kwa kipimo kikubwa inatibu sonona, kwa kipimo kidogo inatuliza neva za tumbo. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza waliijaribu kwa watu 463 na ikaonekana kusaidia. Lakini si ya kujinunulia. Inakausha kinywa, inaleta usingizi, inaweza kufunga choo, na kuna wagonjwa wa moyo ambao haiwafai.

Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, maji na umeme vikakatika, tumbo lilirudi kama siku ya kwanza. Siwezi kukudanganya kwamba kupumua kunazuia risasi. Tulilala chini, watoto kifuani, na nikaumwa wiki tatu. Tofauti ni kwamba safari hii sikukimbilia metronidazoli, wala sikuacha kula. Nilijua linaogopa pamoja nami. Barabara zilipofunguka nilirudia saa zangu za kula, na kufika Aprili lilikuwa limetulia.

Agosti iliyofuata nilipanda boti kwenda Bukavu kumwona dada yangu. Tangu 2021 nilikuwa naikataa safari ile, kwa ajili ya saa zile za majini. Nilikula viazi na yai nyumbani, nikafika bandarini mapema, nikamwuliza kijana wa boti choo kiko wapi, akanionyesha. Nilikaa dirishani. Tulipopita kisiwa cha Idjwi niligundua kwamba nilikuwa sijaangalia nyuma kule chooni hata mara moja.