Rezista inayosoma vizuri mezani ilinitia aibu

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma shahada ya uzamivu Uholanzi kaniandikia kuhusu rezista yake, kile kipande kinachozuia umeme usipite kirahisi: "Kaka, rezista yangu ya kromi mezani inasoma kilo-omu 90. Nikiishusha kwenye baridi mkondo unapotea kabisa. Nimelogwa?"

Hujalogwa, mdogo wangu. Na mimi yalinikuta.

Mwaka wangu wa pili Ujerumani nilitakiwa kuweka utando wa kromi wa nanomita 8 ubavuni mwa transista ya elektroni moja, yaani swichi ndogo mno inayopitisha elektroni moja moja, uikinge na makelele ya nyaya. Ukinzani wake, yaani nguvu yake ya kuzuia umeme, sharti uzidi sana kilo-omu 25.8, la sivyo elektroni hupita ovyo badala ya moja moja. Nikaleta ujanja: wakati wa kuvukiza kromi nikaachia oksijeni zaidi ndani ya chemba. Kamstari ka maikromita moja tu kakasoma kilo-omu 110. Nikajisifu kikaoni, tena kwa sauti.

Jokofu la maabara lilichukua siku mbili kushuka chini ya milikelvini 50, karibu kabisa na sifuri halisi ya joto. Kupima, nakuta mega-omu, yaani omu mamilioni, na bado zinapanda! Kromi iliyoshiba oksijeni hunasa elektroni. Joto ndilo huzisaidia kuruka kutoka shimo hadi shimo. Ukiliondoa, zimekwama. Msimamizi akasema mbele ya wote, "Labda kazi ya mikono si yako." Miaka 6 imepita, sijasahau.

Kwa hiyo nisikilizeni. Ukitaka ukinzani, refusha mstari, oksijeni iache. Upana nanomita 100, urefu maikromita 10, hiyo ni miraba 100 ya nanomita 100 kila upande, imepangwa mstari mmoja; kila mraba ukitoa kilo-omu moja, umefika. Usirefushe kupita hapo, kapasitansi, yaani uwezo wa mstari kuhifadhi chaji, itakula faida yote. Halafu chovya kwanza kwenye heliamu ya kimiminika, kelvini 4.2, kabla ya kupoteza siku mbili za jokofu. Ikipanda asilimia kumi hivi, endelea nayo. Ikipanda mara tatu, tupa, hata kama uliikeshea. Na mkondo wa kupimia uwe mdogo mno, maana kwenye baridi ile elektroni hupata moto zenyewe huku chipu imepoa, nawe utadhani umepima baridi kumbe umepima moto wako mwenyewe.

Narudia: chovya kwanza. Vijana mna haraka, mnataka grafu ya kuonyesha Ijumaa.

Wiki iliyopita kipande changu kipya kilisoma kilo-omu 104 mezani, 112 kwenye baridi. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia yule msimamizi, siku hizi amestaafu. Kanijibu kwa kidole gumba. Kimoja.