Kubadilisha kinga ya joto kwenye kava za pikipiki

Rangi ya kava ikianza kutoa mapovu upande wa nje, au plastiki ya ndani ikigeuka kahawia, kinga ya joto, yaani foili iliyobandikwa ndani ya kava, imeshakwisha kazi. Kava nyingi ni za plastiki ya ABS, ambayo huanza kulainika ikikaribia nyuzijoto 100. Bomba la ekzosi pale linapotoka kwenye silinda hupita 300 injini ikifanya kazi ngumu. Kinachoiokoa plastiki ni foili nyembamba na nafasi ya hewa, na hewa ndiyo yenye kazi kubwa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kinga ya zamani ikiungua, wanabandika nyingine nene mara tatu, wakidhani unene ndio usalama. Kava ikirudishwa, kinga inagusa bomba. Foili inayong'aa hurudisha joto la mionzi, lakini lazima iwe na nafasi mbele yake. Ikigusana na bomba, alumini inakuwa daraja la kuvushia joto mpaka kwenye plastiki. Kwa hiyo pima kwanza: baada ya kubandika, ibaki angalau milimita 10 kati ya foili na bomba, na 15 ni bora zaidi. Foili yenye mgongo wa fibaglasi, unene wa milimita 1 hivi, inatosha sehemu nyingi. Rangi ya dhahabu ni pambo zaidi kuliko kinga. Kinachohesabika ni mng'ao, pamoja na gundi inayostahimili joto.

Kabla ya kununua chochote, tafuta kwa nini ya kwanza iliungua. Doa moja lililoungua sana kuliko pengine mara nyingi lina chanzo chake: gasketi ya ekzosi inayovuja (utaona masizi meusi kwenye maungio), busha iliyopotea kwenye bolti ya kava, au kishikio kilichopinda pikipiki ilipoanguka. Usiporekebisha hicho, kinga mpya nayo itaungua palepale. Na kinga iliyolowa petroli au oili itoe hata kama bado imeshika vizuri, maana fibaglasi iliyolowa ni utambi.

Acha injini ipoe kabisa. Fungua kava na upange bolti kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule zilivyokaa, kwa sababu urefu wake hautofautiani bure: bolti ndefu ikiingia tundu la bolti fupi inaweza kufika kwenye rejeta. Vaa glavu na barakoa, kwani fibaglasi kuukuu hutoa vumbi linalowasha ngozi na koo.

Kama umbo la kinga ya zamani bado linaonekana, lichore kwenye karatasi ngumu kabla hujaibandua. Kisha ipashe moto kwa draya ya nywele, usitumie bunduki ya hewa ya moto, na uivute polepole ukiilaza karibu na plastiki. Gundi iliyobaki ikwangue kwa kadi ya plastiki. Mafuta ya kupikia yakiachwa juu yake dakika 15 huilainisha. Baada ya hapo osha kwa maji ya sabuni, kausha, umalizie na spiriti. Tina ya rangi na asetoni ni marufuku hapa, zinayeyusha ABS.

Kwangua uso wa plastiki kidogo kwa msasa namba 400, ufute tena kwa spiriti na usubiri ikauke. Hatua hii watu huiruka, halafu wanailaumu gundi.

Kata kinga ikizidi eneo lililoungua kwa sentimita 3 kila upande, lakini iishie milimita 5 hadi 10 kabla ya ukingo wa kava. Pembe zote zizungushe. Pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Kwenye mkunjo usilazimishe kipande kimoja kikubwa. Tumia vipande viwili vilivyopandana sentimita 1, cha mbele kikilala juu ya cha nyuma kama bati za paa, ili upepo usiingie chini yake. Bandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, anzia katikati, sukuma hewa kuelekea kingo kwa mgongo wa kijiko. Kingo zizibe kwa utepe wa alumini ili maji yasipenye.

Usizibe matundu ya kupitishia hewa ya rejeta wala ya kutolea maji. Na kumbuka alumini inapitisha umeme: iweke mbali na vichwa vya betri na nyaya zilizochubuka, vinginevyo utaunguza fyuzi, kama si zaidi.

Pale ambapo nafasi haifiki milimita 10, foili peke yake haitoshi. Tengeneza ngao ya bati la alumini la milimita 0.5, uifunge kwa bolti ndogo na busha za chuma za milimita 5 ili hewa ipite pande zote mbili, bila kuigusisha kwenye bomba wala plastiki.

Gundi hizi hufikia nguvu yake kamili taratibu, kwa hiyo pikipiki ikae siku moja, ikiwezekana tatu, kabla ya safari ndefu au kuoshwa kwa mashine ya presha. Unaporudisha kava, ingiza bolti zote kwa mkono kwanza ndipo ukaze, kidogo tu. Nati za mpira zinazoshika baadhi ya bolti hizo hupasuka zikikazwa kwa hasira.

Baada ya nusu saa ya mwendo, pima joto upande wa nje uliopakwa rangi. Ukikielekeza kipimajoto cha mionzi, kile kinachopima bila kugusa, kwenye foili kitakudanganya, kwa sababu kitu kinachong'aa husomeka baridi kuliko kilivyo. Nje ikipita nyuzijoto 70, fungua tena uangalie ni wapi nafasi imebana.