Je, tukope kwenye SACCO tununue hisa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kakamega. Mshauri wa fedha aliyealikwa kwenye mkutano wa SACCO yetu alitueleza kwamba kuweka akiba benki ni kuiozesha, kwamba mkopo unaonunua rasilimali ni mkopo mzuri, na kwamba hisa hazijawahi kumtupa mtu mwenye subira. Mume wangu ameshawishika na anataka tukope shilingi 300,000 tununue hisa Nairobi, ili faida imlipie binti yetu karo ya chuo miaka mitatu ijayo. Mimi nasita. Je, ninamrudisha nyuma bila sababu?

JIBU: Mwalimu, sababu unayo, na ni nzito.

Kauli kwamba hisa humlipa mwenye subira imetokana hasa na historia ya soko la Marekani, na huko ushahidi wake ni mwingi. Mshauri wenu ameihamishia Nairobi bila kuipima. Kipimo cha NSE 20, kinachofuata bei za kampuni 20 zilizoteuliwa katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE), kilivuka 6,000 mwanzoni mwa 2007. Mwishoni mwa 2023 kilikuwa takriban 1,500. Ni haki kuongeza kwamba kipimo hicho hakihesabu gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, na kwamba wapo waliofidiwa vizuri na gawio hilo. Hata hivyo, karibu miaka 17 ni subira kubwa kwa mtu yeyote, na katika muda huo shilingi yenyewe imepungua nguvu. Japani walingoja zaidi: kilele ambacho kipimo cha Nikkei kilifikia Desemba 1989 hakikuvukwa hadi Februari 2024. Nanyi wa Kakamega hamhitaji kusimuliwa habari za Mumias, kampuni ya sukari iliyoingia sokoni mwaka 2001, ikapendwa mno na wawekezaji, kisha mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu (msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni) na hisa zake zikasimamishwa. Sidhani kama mshauri aliitaja.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mkopo. Serikali ilipouza robo ya Safaricom mwaka 2008, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, benki zilikopesha watu fedha za kununulia na foleni zikawa ndefu. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo kwa mara kadhaa, hivyo wananchi wa kawaida wakapewa takriban moja ya tano ya walichoomba. Mtu aliyekopa shilingi 100,000 akitarajia hisa 20,000 alipata kama hisa 4,000, zenye thamani ya shilingi 20,000. Fedha zilizobaki alirudishiwa baadaye, ilhali riba ilikuwa imehesabiwa juu ya laki nzima tangu siku ya kwanza. Siku za mwanzo bei ilipita shilingi 7, lakini kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya bei ya kununulia, na mapema 2009 ikashuka chini ya shilingi 3. Ilichukua zaidi ya miaka minne ndipo ikarudi kukaa juu ya shilingi 5.

Aliyenunua kwa fedha asizozihitaji aliweza kungoja, na mwaka 2021 aliziona hisa hizo zikikaribia shilingi 45, ingawa mwishoni mwa 2023 zilikuwa tena chini ya 15. Aliyenunua kwa mkopo aliuza kwa hasara ili alipe deni, au alilipa deni kwa mshahara huku watoto wakikosa. Kampuni ni ile ile na bei ya kununulia ni ile ile, lakini washauri husimulia habari za yule wa kwanza tu.

Sasa tazameni hesabu yenu. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, ambayo ni ya kawaida katika SACCO nyingi, mkopo wa 300,000 kwa miezi 36 utakatwa karibu shilingi 10,000 kila mwezi kwenye mshahara, na riba pekee itafika karibu shilingi 59,000. Makato hayo hayangoji soko lipande. Mshahara ukiyumba, watakaoguswa ni walimu wenzako waliokudhamini, nao hawakushauriwa kuhusu hisa hizo. Isitoshe, karo ina tarehe; soko likiwa chini mwezi huo, mtauza kwa bei yoyote mtakayopewa.

Ikiwa mna uwezo wa kukatwa shilingi 10,000 kila mwezi, basi mna uwezo wa kuziweka akiba bila deni: kwa miezi 36 zitakuwa 360,000 kabla ya faida yoyote. Zikifika 50,000 mnaweza kununua hawala za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa muda mfupi, za siku 91, 182 au 364 kupitia Benki Kuu. Faida yake hupunguzwa na mfumuko wa bei, na hapo mshauri ana hoja, ila fedha zitakuwepo karo itakapodaiwa. Hisa si haramu kwenu. Zinunueni baadaye, kwa fedha zisizo na tarehe, baada ya kusoma hesabu za kampuni husika. Na kabla mume wako hajatia saini fomu ya mkopo, amuulize mshauri yule waziwazi ni nani anayemlipa, na kama analipwa kwa kila mwanachama anayenunua.