Sauti kwenye santuri, picha kwenye filamu: Warner Bros. walizioanishaje?

SWALI: Najifunza uhariri wa video. Nimesoma kwamba filamu za kwanza za sauti za Warner Bros. zilikuwa na santuri pembeni, sauti haikuwemo kwenye filamu yenyewe. Kompyuta hazikuwepo, mdomo na maneno vilikwendaje pamoja? Na kama vilikwenda, mbona waliuacha mtindo huo?

JIBU: Mota moja, basi. Projekta na sahani ya santuri vilizungushwa na mota ileile kwa shafti na gia. Picha ikipunguza mwendo, sauti nayo inapunguza. Mtambo huo uliitwa Vitaphone. Uliundwa na mafundi wa Western Electric na maabara za Bell, na Warner Bros. wakauchukua wakati studio kubwa kuliko wao zikisitasita. Katika ndugu wanne wenye studio, Harry, Albert, Sam na Jack, aliyeushikia bango zaidi ni Sam.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye hesabu. Rili moja (gurudumu la filamu) ya futi 1,000, ikienda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, huchukua kama dakika 11. Santuri za kawaida za wakati ule, kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja uliisha kwa dakika tatu hivi. Hazingefika popote. Kwa hiyo wakatengeneza santuri pana ya inchi 16, wakaipunguza mwendo hadi mizunguko 33⅓. Ndiyo, ni mwendo uleule uliokuja kutumika kwenye LP, santuri za muziki mrefu, miaka ya baadaye.

Na sindano ilianzia ndani ikaenda nje, kinyume na ulivyozoea. Mimi hapo huwavulia kofia. Karibu na kitovu mfereji, ile njia iliyochongwa ambamo sindano hupita, huenda polepole chini ya sindano, mawimbi ya sauti yamebanana, hivyo panahitaji ncha kali. Sindano za chuma zililika haraka. Ukianzia ndani, ncha mpya inapita pagumu. Ikishachoka imeshafika ukingoni, ambako mfereji unakwenda kasi na mawimbi yana nafasi.

Mwendesha projekta aliweka fremu yenye alama ya kuanzia kwenye dirisha la projekta, akaiweka sindano penye mshale uliochorwa kwenye santuri, kisha akawasha. Akikosea mfereji mmoja tu, amechelewa au amewahi karibu sekunde mbili, na ukumbi mzima unaona.

Sasa kwa nini waliacha. Nimeendesha projekta za milimita 35, na nakuhakikishia filamu hukatika. Ikikatika unapunguza vipande vilivyochanika na kuunga. Tuseme umepoteza fremu 12. Santuri haina habari. Kuanzia hapo hadi mwisho wa rili, sauti inachelewa nusu sekunde. Dawa ilikuwa kuingiza fremu nyeusi 12 pale palipopotea, ukumbi ukaona giza kidogo lakini midomo ikabaki sawa. Santuri nazo zilichakaa: lebo yake ilikuwa na visanduku vya kutia alama kila inapopigwa, na baada ya mara 20 hivi ilitakiwa kutupwa. Bado hujahesabu zilizovunjika njiani.

Studioni hali ilikuwa mbaya zaidi. Sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye sahani ya nta, na nta haihaririwi. Mwigizaji akikohoa dakika ya nane, mnaanza upya. Ndiyo maana walirekodi kwa kamera kadhaa kwa pamoja, kila moja imefungiwa kwenye kibanda ili mngurumo wake usisikike.

Ikumbukwe nia ya mwanzo haikuwa mazungumzo. Filamu ya Don Juan, iliyoonyeshwa New York tarehe 6 Agosti 1926, ilikuwa na muziki na milio tu: ukumbi mdogo usio na okestra upate okestra. Hata The Jazz Singer ya tarehe 6 Oktoba 1927 sehemu kubwa ni maandishi kwenye skrini, na nyimbo na maneno machache ya mwigizaji wake, Al Jolson. Sam Warner hakuiona siku hiyo. Alifariki Los Angeles siku moja kabla.

Studio ya Fox nayo ilikuwa ikichapisha sauti kama mstari wa mwanga pembeni mwa filamu ileile. Ukikata, vinakatika vyote viwili. Miaka ya 1930 ilipoanza, Warner Bros. nao wakahamia huko.

Mwaka 1993 wazo la diski lilirudi kwenye kumbi kwa mfumo wa DTS: sauti kwenye CD, na kwenye filamu alama ndogo za muda zinazosomwa na kifaa. Fremu zikipotea, kifaa kinasoma namba inayofuata na kuirusha sauti hadi hapo. Fungua programu yako ya uhariri, futa fremu 12 za picha bila kugusa sauti, uvute picha iliyobaki izibe pengo: utaiona kero ya mwendesha projekta wa 1927.