Nyumba ya zamani Isamilo: kagua kwanza, nyundo baadaye

Mkuu, umeuliza kama hiyo nyumba ya chini ya enzi ya mkoloni mliyoachiwa na babu pale Isamilo, Mwanza, muibomoe mjenge ghorofa, au muikarabati. Umesema fundi amewaambia kuta zimeoza, maana lipu inabanduka kwa chini na kuna weupe kama chumvi. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya aina hiyo Capri Point, na mzee alipostaafu ukarabati niliusimamia mwenyewe. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu nyumba hizi zinaisha Mwanza, na nyingi zinaangushwa kwa neno la mtu ambaye hajapanda hata darini.

Naanza na hizo kuta, maana ndizo zinazowatisha. Chukua msumari wa inchi nne, ukwangue kiungio cha tofali na tofali mahali ambapo lipu imeshadondoka. Ukiona unatoka unga laini bila kutumia nguvu, kuta zako zimejengwa kwa chokaa, au kwa udongo na saruji kidogo sana. Huo si uozo. Ndivyo walivyojenga, na walikuwa na sababu. Kabla ya reli kufika Mwanza mwaka 1928, mzigo mzito kutoka ng'ambo ulishushwa Mombasa, ukapanda treni hadi Kisumu, ambako reli ilikuwa imefika tangu 1901, kisha ukavushwa ziwa kwa meli. Hata baada ya treni kuanza kuja kutoka Tabora, saruji iliendelea kuwa ya kuagizwa. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuzalisha 1966. Kwa hiyo mtu aliyejenga miaka ya thelathini au arobaini aliitumia saruji kwa kubania, akaweka msingi wa mawe yetu haya ya Mwanza, tofali za kuchoma juu yake, na chokaa katikati.

Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kidogo wakati wa mvua na kuyatoa wakati wa jua. Miaka ya baadaye anakuja fundi, anaupiga lipu nzito ya saruji nje na ndani. Maji yaliyomo hayana pa kutokea, yanapanda juu na chumvi yake, yanaisukuma lipu mpaka inabanduka. Kwetu ukuta wa nyuma ulikuwa hivyo hivyo. Nilipochimba pembeni yake nikakuta jambo lingine ambalo nadhani na kwenu lipo: udongo ulioteremshwa na mvua kutoka mlimani ulikuwa umejaa polepole mpaka ukafunika msingi wa mawe na safu mbili za tofali. Mfereji wa zamani ulikuwa chini ya udongo huo, mzima kabisa, umeziba tu. Tuliutoa udongo, tukazibua mfereji, tukabandua saruji yote ya chini, tukauacha ukuta wazi kiangazi kizima kuanzia Juni. Baada ya hapo tukapiga lipu ya chokaa na mchanga, moja kwa tatu, nyembamba nyembamba. Haikauki haraka na mafundi vijana wanaichukia, lakini ukuta ule haujarudisha weupe tena.

Sasa upande wa umbo lenyewe. Ramani hii ya nyumba ya chini yenye kibaraza mbele, sebule katikati, vyumba pembeni na jiko limejitenga nyuma, Waingereza waliichukua Bengal kule India na kuisambaza kila walikotawala. Ila ukikaa ndani yake hapa kwetu utaona inavyolifaa ziwa. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Simama sebuleni kwenu uangalie kama dirisha la mbele na mlango wa nyuma vinatazamana. Kwetu vinatazamana, na saa nane mchana pazia linapepea bila feni. Tazama pia matundu madogo ya hewa juu ya madirisha, karibu na dari. Hewa ya moto inapanda na kutokea pale. Watu wengi wameyaziba kwa sababu ya popo na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, halafu wanalalamika nyumba ina joto. Weka wavu mwembamba, usizibe. Na tafadhali usikubali kushushiwa dari ya jipsamu ili chumba kionekane cha kisasa. Urefu ule wa futi kumi na zaidi ndio unaokulaza usingizi mwezi wa Februari.

Kibaraza msikifunge kiwe chumba. Kinakinga jua lisipige ukuta na mvua isipige mlango, na ukikiondoa mnapoteza zaidi ya nafasi mliyoongeza.

Kwenye paa nenda taratibu. Kama kenchi ni za mvule au mninga, chokoa kwa bisibisi pale zinapokaa juu ya ukuta, hapo ndipo mchwa na maji huanzia. Kama kiini ni kigumu, mbao hizo hamtazipata tena sokoni kwa bei ya kawaida. Mabati ya zamani nayo ni mazito kuliko haya ya geji 30, kwa hiyo kutu ya juu juu isiwafanye myatupe. Lakini kama dari au paa ni zile karatasi ngumu za kijivu zinazofanana na saruji, mtu asizikate, asizivunje wala kuzisugua. Nyingi za zama zile zina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu na kuleta saratani. Hapo tafuteni wataalamu kabla ya kazi yoyote.

Kuhusu karatasi, fuatilieni historia ya hati mapema. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba iliyopita mikono ya aina hiyo inahitaji mnyororo wa umiliki usio na pengo. Msitegemee sheria ya mambo ya kale iwalindie jengo, maana jengo linaloingia humo moja kwa moja ni lile la kabla ya 1863. Na kwa wasomaji wengine wenye viwanja ufukweni: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Ukiangusha nyumba iliyokuwepo tangu zamani, usidhani utaruhusiwa kuinua mpya palepale.

Kwa hiyo mimi nasema karabatini. Mfereji na gata kwanza, kabla ya mvua za vuli, kisha paa, kisha kuta, na rangi mwisho kabisa. Mkitaka ghorofa, pimeni eneo la nyuma penye jiko la nje na vyumba vya wafanyakazi, kiwanja cha Isamilo mara nyingi kina nafasi. Umeweka picha za nje tu. Weka na za darini na za msingi, hasa upande wa mlimani, tuzitazame kabla fundi hajarudi.